Cheti cha jina la biashara hakilindi nembo
Je, ukiwa na cheti cha jina la biashara, nembo yako imelindwa? Hapana, cheti hicho hakitamzuia mwingine kubandika nembo ya sabuni yako kwenye sabuni zake. Kile kinasema tu nani anafanya biashara kwa jina lipi. Nembo inalindwa kwa kusajili alama ya biashara, ombi la peke yake, ingawa ni BRELA hiyohiyo, wakala wa usajili wa biashara na leseni Tanzania Bara (Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura 326). Unasajili kwa daraja, yaani kundi, la bidhaa; sabuni ni daraja la 3. Ulinzi ni miaka 7, halafu unahuisha kwa miaka kumi kumi. Ila hiyo ni Bara tu! Mzigo ukivuka kwenda Unguja, sajili tena kule BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar. Mimi nilidhani moja inatosha, wakili akanicheka.