Maswali ya Wasomaji: "Sana" Yetu na Vielezi vya Kiasi vya Kiingereza

SWALI: Natembeza wageni kwenye michoro ya miambani ya Kolo. Nikisema "The paintings are too old", wengine huuliza: "Too old for what?" Nimekosea wapi?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Iliyokuponza ni "sana". Kwetu neno hilo moja linatosha kila mahali, nalo hukaa nyuma: zabibu tamu sana, amechoka sana, nakupenda sana. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. "Very" huongeza sifa bila kulalamika. "Too" husema kiasi kimepita, na kwa sababu hiyo kuna jambo limekwama. "The tea is very hot": chai ni ya moto, lakini unaweza kuinywa. "The tea is too hot": hainyweki. Mgeni wako aliposikia "too old" alingoja umwambie michoro imeshindwa nini. Sema "very old".

Kipimo kimo humu humu kwenye Kiswahili. Pale unapoweza kusema hainyweki, halinyanyuliki, hayasomeki, ndipo "too" inapokaa, mara nyingi ikifuatwa na "to": "The box is too heavy to lift", "The letters are too small to read". Kwa mtu tunasema "amechoka hata hawezi kutembea": "He is too tired to walk". (Lile "You're too kind" la kushukuru ni adabu tu, liache lilivyo.)

Angalia na kitenzi. "I very like grapes" hakuna. Wala usifuate mpangilio wa "napenda sana zabibu" ukasema "I like very much grapes". Kinachopendwa kitangulie: "I like grapes very much".

SWALI: Nauza mafuta ya alizeti. "Our oil is very cheaper" ni sahihi? Na "enough" inakaa wapi?
Msomaji, Singida

JIBU: Si sahihi. Unapolinganisha, "very" haiingii. Tumia "much cheaper" au "a lot cheaper", na tofauti ikiwa ndogo, "a bit cheaper". "Enough" hukaa nyuma ya sifa, kama "sana" yetu: "The oil is clear enough". Ila kwa jina la kitu, "enough" ndiyo hutangulia: "enough oil".

SWALI: Mwalimu wangu Mwingereza kaandika "quite good" kwenye insha yangu. Nifurahi?
Msomaji, Dodoma mjini

JIBU: Furahi kidogo. Kwa Waingereza, "quite" mbele ya sifa yenye ngazi (inayoweza kuzidi au kupungua), kama good au big, mara nyingi hupunguza: si mbaya, ila ungeweza zaidi. Mmarekani akiandika hivyo, mara nyingi amekaribia "very good". Lakini sifa ikiwa haina ngazi, "quite" hugeuka kuwa "kabisa", hata Uingereza: "quite impossible", haiwezekani kabisa.

Kuna pia sifa ambazo zimeshafika kileleni, kwa hiyo "very" haina pa kuzipandisha. Baridi ya Julai hapo Dodoma ni "very cold" au "absolutely freezing". "Very freezing" ni kosa. Vivyo hivyo "absolutely exhausted" na "absolutely delicious". Ukiona mtego, shika "really": inakubali cold, inakubali na freezing.