Kumtembeza mzazi mzee mijini wakati wa joto kali: ratiba kwanza, vifaa baadaye

Ndugu mleta mada, umeuliza namna ya kumtembeza mama yako, ambaye umri wake umekwenda, katika miji ya kusini mwa Ulaya mwezi Julai bila safari kugeuka mateso, na waliotangulia kukujibu wamekutajia kofia, miavuli na feni ndogo za mkononi. Vifaa hivyo vina nafasi yake. Hata hivyo, nimezunguka miji hiyo katika majira ya joto mara kadhaa nikiwa na wazee wangu, na nimeridhika kwamba kinachoamua kama mtu atafurahia au ataumia ni saa anazotoka nje.

Utabiri wa hali ya hewa hutaja joto lililopimwa kivulini. Ukisoma nyuzi 38, fahamu kwamba uwanja wa mawe usio na mti utamchoma mama kwa jua kutoka juu na kwa joto linalopanda kutoka chini, kwani lami nyeusi iliyoanikwa juani huweza kupita nyuzi 60. Tena kilele cha joto hakiji saa sita mchana kama wengi wanavyodhani. Huja alasiri, na katika miji ya Hispania huweza kuendelea hadi saa kumi na mbili jioni, kwa sababu ardhi na kuta huzidi kuipasha hewa hata jua linapoanza kushuka. Anayepumzika saa sita na kutoka saa tisa anaingia katika saa mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo siku igawe vipande viwili. Magofu na mahali pote pa wazi pawe pa asubuhi, mara milango inapofunguliwa. Kufikia saa tano muwe mmerudi ndani, mle, mlale kabisa, kisha mtoke tena jua likikaribia kuzama. Tiketi ya mchana ina hatari nyingine pia: katika wimbi la joto la Julai 2023, mamlaka za Ugiriki ziliifunga Akropolis ya Athens saa za mchana, na wenye tiketi za saa hizo wakalazimika kubadili mipango. Katika mitaa inayoelekea kaskazini na kusini, asubuhi tembeeni upande wa mashariki, kwa kuwa majengo ya upande huo ndiyo yanayowakinga na jua. Sevilla wametanda vitambaa vikubwa juu ya baadhi ya mitaa ya katikati ya mji, na tofauti mtu huisikia mwilini pale pale anapoingia chini yake. Barcelona nayo imeteua maktaba, bustani na majengo mengine ya umma kuwa makimbilio wakati wa joto; yatafuteni kwenye ramani ya jiji kabla hamjayahitaji.

Kuhusu maji, usimsubiri mama aseme ana kiu, maana hisia ya kiu hufifia kadiri mtu anavyozeeka. Roma ina maelfu ya mabomba ya chuma ya mitaani yanayotoa maji ya kunywa bure mchana na usiku. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji huruka juu kupitia kitundu kidogo, na mtu hunywa bila kikombe. Hapo hapo lowesha kitambaa umfunge shingoni, umloweshe na mikono hadi kwenye viwiko. Mwili hupoa jasho na maji yanapokauka juu ya ngozi, ndiyo maana nyuzi 33 zenye unyevu mwingi huweza kumlemea mtu kuliko nyuzi 38 za hewa kavu. Feni peke yake haitoshi: hewa ikipita nyuzi 40, huweza hata kuuongezea mwili joto.

Malazi ndipo ningetumia fedha zaidi. Kuta za mji hutoa usiku joto zilizolimeza mchana kutwa, na chumba cha juu kabisa, chini ya paa, ndicho huumia zaidi. Uliza kwa maandishi kama kiyoyozi kipo ndani ya chumba chenyewe na kama hufanya kazi usiku kucha, kwa sababu mzee asiyelala vizuri hataistahimili siku ya pili. Siku za kwanza ziwe nyepesi, kwani mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Kama mama anatumia dawa za shinikizo la damu, hasa zile zinazoongeza mkojo, aonane na daktari wake kabla ya safari.

Akianza kuchanganyikiwa, kuropoka au kuyumba huku ngozi ikiwa ya moto, hiyo si kazi ya kupumzika kidogo kivulini. Piga 112, namba ya dharura inayotumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na wakati mnasubiri msaada mwondoe juani, mpunguzie nguo, mmwagie maji mwilini na umpepee bila kukoma. Usimnyweshe chochote ikiwa fahamu zake hazijatulia.