Ziliharibika, au Kuna Mtu Kaboronga?

SWALI: Mimi ni mtafsiri ninayeanza. Katika makala ya sayansi ya Kiingereza nimekuta vitenzi "bungle" na "botch" vikieleza jinsi chombo cha anga za juu cha Mars Climate Orbiter kilivyopotea mwaka 1999. Nikaandika: "Hesabu za vipimo ziliharibika, chombo kikapotea." Mhariri wangu hakuridhika. Je, Kiswahili hakina kitenzi kinachokaribia zaidi kuliko kuharibu?

JIBU: Kinavyo, tena vya kumwaga, na mhariri wako mnunulie soda.

Anayefanya kazi bila ustadi, akachanganya hiki na kile mpaka haieleweki alianzia wapi, huyo ameboronga. Aliyetegemewa kisha akawaangusha waliomtegemea, amevurunda. Waandishi wa michezo hulitoa neno hili kila timu kubwa inapofungwa nyumbani. Anayefanya harakaharaka ili alipwe aondoke zake, akapaka rangi mkono mmoja mlipopatana miwili, amelipua. "Bungle" ni jamaa wa kuboronga. "Botch" huegemea kulipua, na hapo kale ilikuwa na maana ya kutia kiraka, kutengeneza kilichoharibika. Yaelekea Waingereza walivitazama viraka vyenyewe wakabadili maana. Kuharibu kwetu kuna asili ya Kiarabu, na ni neno pana mno: mvua huharibu, mchwa huharibu, wala hakuna anayewaita kamati ya nidhamu.

Swali lako limejibiwa. Sasa tuje kwenye hilo "ziliharibika", maana ndilo lililoninyima usingizi.

Hesabu huharibikaje? Samaki huharibika: mwache juani mpaka saa tisa, hahitaji msaada wa mtu. Hesabu za chombo kile zilikuwa na wenyewe. Programu ya upande mmoja ilitoa takwimu za msukumo kwa kipimo cha pauni. Upande wa pili ulitarajia nyutoni, ukazitumia kama zilivyo. Pauni moja ya nguvu ni karibu nyutoni 4.45, kwa hiyo kosa si la kuteleza kalamu. Chombo cha dola milioni 125 kikaifikia Mirihi chini mno ya kimo kilichopangwa, na tarehe 23 Septemba 1999 mawasiliano yakakatika. (Hapo kukatika ni halali. Hakuna aliyeyakata.) Katika kisa chote hiki kuna watu walioandika programu na watu waliopaswa kuihakiki. Wewe umewaondoa wote kwa silabi mbili, "-ika", ukaziacha hesabu peke yake kizimbani.

Huku kwetu mtindo huu umekuwa ugonjwa. Ni ule ule wa mtoto anayeulizwa, "Nani kakivunja kikombe?" naye akajibu, "Kimevunjika." Mtoto anajua sarufi kuliko tunavyodhani: kauli ya kutendeka hutaja hali ya kitu, haimtaki mtenda. Tatizo ni kwamba mtoto huyo amekua, amepata ofisi na muhuri. Siku hizi tunatangaziwa kwamba ratiba imevurugika, majina yamefutika, nyaraka zimepotea na fedha zimetumika. Zimejitumia! Akibanwa sana na waandishi wa habari, bwana mkubwa huongeza kwamba "pamejitokeza changamoto". Nayo imejitokeza yenyewe, bila kuitwa na mtu.

Wapo wanaohisi pengo hilo, wakajaribu kuliziba kwa kuandika "ratiba imevurugika na watumishi wazembe". Hawa ndio walioboronga mara mbili. Kama mtenda unamjua na uko tayari kumtaja, kauli ya kutendwa ipo na haina foleni: imevurugwa na watumishi wazembe. Kama unamwogopa, nyamaza, lakini usimburuze kwa "na" nyuma ya kitenzi kisichomtambua.

Waliotutangulia hawakuwa na haya hii. Walisema: umelikoroga, linywe. Mkorogaji anajulikana, na kikombe atakabidhiwa yeye. Jaribu kuliweka katika lugha ya matangazo: limekorogeka, linyweke. Nani anywe?

Sisemi kauli ya kutendeka ifutwe. Njia inapitika, mwandiko unasomeka, maziwa yameharibika kwa joto. Bila hiyo tungekuwa bubu nusu siku. Hata yule mtoto wa kikombe namsamehe, maana ana umri wa kumtetea. Mwenye kiti cha kuzunguka simsamehi, ingawa nimezoea kutosikilizwa naye.

Tafsiri yako, basi, iwe: "Wahandisi waliboronga hesabu za vipimo, chombo kikapotea." Ukiona "waliboronga" ni ukali kupita makala yenyewe, andika "walichanganya vipimo", hakuna atakayekulaumu. Ila usije ukavutiwa na kulipua ukaandika kwamba wahandisi walikilipua chombo. Kitenzi hicho huwa na maana ya uzembe kinapoandamana na kazi: amelipua kazi. Kikikutana na chombo cha anga za juu, msomaji ataanza kutafuta moshi.