Mchuzi mwepesi, nyama ngumu: tazama maji na aina ya nyama

Swali la wiki: kwa nini mchuzi wa nyama ya ng'ombe uliopikwa kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole hutoka majimaji, na nyama yenyewe ngumu?

Tuanze na maji. Sufuria hii hufunikwa muda wote, mvuke ukipanda hugonga kifuniko na kudondoka tena ndani. Hakuna kinachokauka, na nyama nayo inatoa maji yake. Kwa kilo 1 ya nyama, mililita 300 za supu zinatosha kabisa, hata kama vipande vya juu havijazama.

Ugumu mara nyingi hutokana na nyama uliyochagua. Nunua bega, shingo au muundi, yenye kano na utando mweupe. Kano hizo huyeyuka taratibu zikawa jelatini, ndiyo inayolainisha mnofu na kuupa mchuzi ule uzito wa kunata midomoni. Sarara haina cha kuyeyuka. Baada ya saa 8 inakuwa kavu ingawa imelala ndani ya mchuzi. Kata vipande vya sentimita 4 hivi, vidogo zaidi vitavurugika.

Tafadhali usiruke kukaanga, maana ladha kubwa inatoka hapo. Futa nyama ikauke, ipake vijiko 2 vya unga wa ngano, uikaange kwa mafungu. Ukisikia mlio wa mafuta unafifia, umejaza kikaango: nyama inachemka, haikaangiki. Masalio yaliyoganda chini yakwangue kwa supu kidogo, uyamimine sufuriani.

Viazi na karoti viwe chini kabisa, kwa sababu huchelewa kuiva kuliko nyama. Moto mdogo saa 8, au mkubwa saa 4 hadi 5. Mimi nasimama na moto mdogo. Nyama ikiwa bado ngumu, mara nyingi haijafika, hivyo iongezee saa nzima. Kila ukifunua unapoteza joto la dakika 20 au zaidi.

Nyama iliyoganda usiitie kamwe: inakaa muda mrefu kwenye uvuguvugu, bakteria wanazaliana. Ukitaka maharage mekundu, yaloweke, umwage maji, kisha uyachemshe kwa nguvu dakika 10 kwanza, kwani moto mdogo hauui sumu yake.

Mchuzi ukibaki mwepesi, koroga vijiko 2 vya wanga wa mahindi kwenye maji baridi, tia, weka moto mkubwa dakika 30. Njegere ziingie wakati huo huo.