Panga bei yako kabla mnada haujakupangia

Kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia: "Kaka, kila nikiweka dau kwenye minada ya Marekani, sekunde za mwisho anatokea mtu ananipiku. Wewe unafanyaje?" Swali limenikuta katika wiki nzuri. Nimetoka kushinda mnadani ukurasa halisi wa kitabu cha katuni, ule uliochorwa kwa mkono na mchoraji Sal Buscema, Spider-Man wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, penseli na wino vyote vya mkono wake. Nina furaha na sioni sababu ya kuificha.

Wewe unayesoma hapa unajua tunachokitafuta. Kitabu cha katuni huchapwa maelfu kwa maelfu, lakini karatasi aliyoinamia mchoraji ni moja tu duniani. Ukiishika unaona mistari ya penseli ambayo haikufutika, rangi nyeupe pale alipobadili mkono wa mhusika, na maelekezo ya mhariri pembeni ambayo msomaji wa kawaida hakukusudiwa kuyaona.

Mdogo wangu, kabla ya yote fahamu mfumo unavyofanya kazi. Kwenye eBay, soko la mnada la mtandaoni, unaandika dau lako la juu kabisa, na mfumo unakupandishia kidogo kidogo, kiasi cha kumpita mwenzako tu. Muda ukiisha umeisha. Ndiyo maana wazoefu hujitokeza mwishoni. Huyo anayekupiku si mchawi: ameandika bei yake halisi mara moja, wakati wewe unapandisha dola kumi kumi na kumwonyesha kila mtu ulipofikia. Baadhi ya nyumba za mnada huongeza dakika kila dau jipya linapoingia, kwa hiyo kuvizia sekunde za mwisho huko hakusaidii. Kinachosaidia ni bei uliyoipanga mchana, akili ikiwa imetulia.

Na bei hiyo uipange na kamisheni ndani. Nyumba kubwa za mnada kama Heritage ya Dallas humwongezea mshindi asilimia juu ya dau lake. Ikiwa ni asilimia 20, dau la dola 500 ni dola 600, kabla ya usafirishaji na kabla ya forodha ya kwetu, ambako VAT peke yake ni asilimia 18. Kumbukumbu za mauzo yao ya zamani ziko wazi kwa aliyejisajili, na bei zilizoandikwa humo tayari zina kamisheni. Ule ukurasa wa mchoraji Herb Trimpe, wa toleo namba 180 la kitabu cha Hulk, la mwaka 1974, ambao shujaa Wolverine anatokea kwa mara ya kwanza katika picha ya mwisho, uliuzwa mwaka 2014 kwa dola 657,250. Dau lenyewe lilikuwa 550,000. Tofauti hiyo ni nyumba kadhaa za Kigamboni! Usilinganishe dau lako na bei ya kumbukumbu kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa niseme lililoniuma. Kabla ya huu wa Buscema niliwahi kushinda ukurasa mwingine, nikalipa siku ileile. Muuzaji alipoona anwani ni Dar es Salaam akafuta mauzo. Hakuniuliza kitu, alirudisha fedha na kuandika kwamba hatumi Afrika. Baadaye niliuona ukurasa uleule umerudi sokoni. Bado naukumbuka: Peter Parker, yaani Spider-Man akiwa hajavaa vazi lake, amekaa kitandani, dirisha liko wazi, mvua inanyesha. Tangu hapo mizigo yangu yote inapokelewa na shemeji yangu Columbus, Ohio, na anayekuja likizo ndiye anayeibeba. Tafuteni mtu wa namna hiyo kabla hamjaweka dau lolote, na kama hamna, muulizeni muuzaji kwa maandishi mapema.

Ukurasa wa Buscema niliupata alfajiri, saa kumi na moja, huko Marekani ikiwa jioni. Nilikuwa nimeufuatilia wiki nzima. Vazi la Spider-Man limo kwenye picha moja ndogo tu, zilizobaki ni watu wanaongea jikoni. Wengi wanapita kurasa kama hizo kwa sababu hazina ngumi. Mimi ndizo ninazozipenda, maana huko ndiko unaona kama mtu anajua kuchora uso, mkono, na jinsi mtu anavyokaa akiwa amechoka. Niliandika bei yangu mara moja. Mtu mmoja akajaribu mara tatu kunipita, akaachia njiani.

Basi nunua mchoraji, usinunue vazi. Narudia kwa sababu vijana hawanisikii: nunua mchoraji. Na soma maelezo yote. Ukurasa wa kweli una namba ya toleo na namba ya ukurasa, kwa hiyo tafuta kitabu kilichochapwa ukilinganishe mstari kwa mstari. Uliza pia nani kauchora kwa penseli na nani kautia wino, kwani siku hizi wino unaweza kuwekwa juu ya nakala iliyochapwa, na penseli yenyewe ilichorwa kwenye kompyuta, haimo kwenye karatasi.

Uliza pia ukurasa wenyewe umetoka wapi. Mchoraji Jack Kirby aligombana na Marvel, kampuni ya vitabu vya katuni, miaka mingi kuhusu michoro yake, na mwaka 1987 aliporudishiwa ilikuwa sehemu ndogo tu ya kurasa zaidi ya 10,000 alizowachorea. Nyingine zilikuwa zimeibwa au kugawiwa. Watu waliotujaza ndoto wamenyang'anywa kazi za mikono yao, halafu sisi tunashangilia kupata kwa bei poa? Mchoraji akiwa hai na anauza mwenyewe, mnunulie yeye, hata kama mnadani utaokoa dola hamsini.

Ukurasa ukifika, usiupeleke laminesheni kamwe. Fremu iwe na karatasi isiyo na asidi, kioo kisiguse wino, na ukuta usiwe ule unaopigwa na jua la jioni.