Re: Hizi sororiti za Wamarekani weusi ni sherehe tu?

Mkuu, umeuliza kama hawa akina dada wa sororiti, yaani vyama vya wanawake wa vyuo vikuu, wana lolote zaidi ya kuvaa sare na kupiga picha. Chukua tawi moja tu: Rho, la sororiti ya Alpha Kappa Alpha, chuo cha Berkeley, California, lililoanza 1921. Ida Louise Jackson alikuwa mmoja wa waanzilishi. Picha wenyewe walipiga, wakailipia, lakini kitabu cha mwaka cha chuo hakikuitoa!

Jackson alizaliwa Vicksburg, Mississippi, na hakupasahau. Alipokuwa rais wa sororiti nzima, 1934 alipeleka walimu jimboni Mississippi kuwanoa walimu wa vijijini. Mwaka uliofuata ikaja kliniki, chini ya Dk. Dorothy Ferebee. Wenye mashamba ya pamba waliwazuia vibarua wao wasiende kutibiwa, basi akina dada wakapakia dawa kwenye magari yao binafsi na kuwafuata hukohuko shambani, watoto wakapanga foleni kuchanjwa dondakoo na ndui. Hiyo ni likizo yao ya kiangazi, na walirudi kwa miaka kadhaa.

Sherehe zipo, sikatai. Hata vikoba vyetu vina sare.