Kwa nini "two stones blacks" si sahihi

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu wako hapo Goma amekupunguzia pointi kwa kuandika "two stones blacks". Makosa ni mawili, na yote yanatoka kwenye lugha tulizozoea. Kwa Kiswahili tunasema mawe mawili meusi, kwa Kifaransa pierres noires: kwa kawaida kivumishi kinakuja nyuma ya jina na kinafuata wingi. Kiingereza hapana. Kivumishi kinatangulia jina, wala hakiongezwi "s": "two black stones". Kinabaki nyuma hasa unapotumia kitenzi cha kuwa, "the stones are black".

Vivumishi vikiwa vingi, anza na ukubwa, kisha umri, rangi, halafu kitu kilichotumika kutengeneza. Ile chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inayoshusha viazi sokoni ni "a big old wooden chukudu". Ukisema "wooden old big" utaeleweka, lakini Mwingereza atasikia kitu kimepinda.

Ila hili nakuomba ulishike sana, maana nimeona linaponza watu kwenye mahojiano ya kazi: "I am bored" ni kusema umechoshwa, "I am boring" ni kusema wewe ndiye unayechosha wengine.